Kibao Namba Moja

Haselrode: nyumba arobaini na tatu,
kanisa moja, kengele moja
(ya pili ilichukuliwa ikayeyushwa wakati wa vita, haikurudi),
na tanuri moja la kijiji, chini ya mteremko,
mahali ambapo upepo hauchezei moshi.

Ufunguo ninao mimi. Mzito kama yai la bata.
Kutu yake hainitoki kiganjani
hata nikisugua kwa majivu.

Jumamosi jioni watu walipiga kura.
Vibao vya mti mgumu, namba zimechomwa kwa chuma cha moto,
vilitikiswa ndani ya kofia ya zimamoto.
Apataye moja ndiye huamsha tanuri lililolala,
na tanuri baridi hula kuni
kama riba inavyokula mshahara.
Wa pili hukuta mawe yameshapata joto.
Wa saba huoka kwa kijinga kimoja na shukrani.

Kura ni kura, walisema. Haina shangazi wala mjomba.

Mwaka wa arobaini na sita, theluji ingali viungani,
aliingia Ottilie Naujoks na mkokoteni wa magurudumu matatu,
la nne limebaki njiani pamoja na mengine asiyoyataja.
Watoto wawili. Godoro la manyoya.
Akapewa chumba juu ya zizi la Rübsam,
akapumua pumzi za ng'ombe usiku kucha.
Dukani walicheka alivyotamka viazi.
Daftari la tanuri, ambalo pia ninalo,
halina jina lake: "mkimbizi, mikate miwili."

Akatia mkono kofiani: moja.
Jumamosi ya pili: moja.
Ya tano, ya sita: moja.
Akasema, bahati yangu niliiacha kule nyumbani.
Kuni za msitu zilikuwa na wenyewe,
akaokota vitawi vibichi kando ya barabara,
akapuliza hadi macho yakamwiva.
Ni moshi, watu wakasema. Ni moshi tu.

Hayo alinisimulia mama,
aliyekuwa ameshika sketi yake.

Sasa sikia. Kibao kile kilikuwa na pengo ukingoni,
dogo, kama la jino la paka.
Mkono wa mwenyeji ulilijua tangu utotoni,
ukalikwepa kama mtu anavyolikwepa
shimo la uani kwake gizani.
Hakuna aliyelitaja.
Hakuna aliyesema uongo.

Mwezi wa Oktoba, Kunigunde Rübsam,
mjane asiyejibu salamu,
wanawe wawili wamechongwa jina kwenye jiwe la kanisani,
alipita mbele ya wote akatia mkono.
Akapapasa. Taratibu.
Taratibu mno, kila mtu akiona kiwiko kinavyotafuta.
Akatoa moja.
"Leo nina kuni," akasema.
Mtu akakohoa.
Kisha akamshika bibi yangu kidole,
akakipitisha kwenye lile pengo
kama unavyomfundisha mtoto herufi.

Usidhani walipendana. Waligombana miaka mitatu
kwa sababu ya kuku.
Ila mwaka wa arobaini na tisa daftari linasema:
"Naujoks, mikate minne."
Wino uleule, mwandiko uleule.

Shule imefungwa. Duka la Wenzel limekuwa gereji.
Gari la mkate hupiga honi Jumanne na Ijumaa,
mkate umeshakatwa, umevikwa nailoni.
Tanuri tunaliwasha mara moja kwa mwaka, Agosti,
na wageni wa mjini huja kulipiga picha.
Kofia ni ileile. Vibao ni vilevile.

Mwaka huu alikuja Mehrnaz, muuguzi,
aliyepanga juu ya gereji ya Wenzel,
na bakuli la unga limefunikwa taulo.
Akatia mkono, akatoa, akasoma kwa sauti,
kwa Kijerumani chake kipya kinachong'aa:
"Moja!"
Tukampigia makofi.

Mkono wangu ulikuwa umetangulia wake.
Nilikuwa na saba.